Orodha Aliyoiangalia Mama Rahima

Umeme uliporudi, friji iliguna, na chupa mbili za maji zilizokuwa mlangoni mwake zikaanza kugongana polepole. Nje kulikuwa bado giza. Upande wa pili wa pazia nilimsikia Falonne akishusha miguu sakafuni, halafu akifungua kompyuta yake. Hakuwasha taa. Hakuwasha hata siku moja, kwa kuwa alidhani nimelala na hakutaka kuniamsha.

Falonne ni mtoto wa binti yangu Myriam anayeishi Likasi. Alisoma informatique, masomo ya kompyuta, miaka mitatu Lubumbashi, kisha akaja kukaa nami hapa Kolwezi, na diploma yake ndani ya bahasha ya plastiki. Alizunguka na bahasha hiyo karibu miaka miwili. Kila ofisi ilimuuliza swali moja: umeshafanya kazi wapi? Jioni alirudi, akavua viatu, akaniambia, kwa kuwa kwetu bibi huitwa kambo, "Kambo, balisema nirudie." Mimi nilimwekea chakula na sikumuuliza zaidi.

Siku moja Dimitri, kijana aliyesoma naye, alimpigia simu kutoka Lubumbashi. Yeye na wenzake walikuwa wanajitolea kutengeneza tovuti za vyama vinavyosaidia watu, bila malipo. Sisi hapa tunasema site. Alimwambia Falonne aanze na chama kimoja kidogo, ili siku nyingine akiulizwa amefanya kazi wapi awe na kitu cha kuonyesha. Akamwambia pia: "Usibapatie kile unajua. Baulize kile banahitaji."

Falonne alinifuata jikoni nikichagua maharage.

"Kambo, bamama benu banaweza kukubali nibatengenezee site?"

"Site ya kufanya nini?"

"Ndjo mi nataka kubauliza."

Chama chetu kinaitwa Bamama ba Bageni, yaani mama wa wageni. Tuko wanawake kumi na mmoja. Vijana wanakuja Kolwezi kuchimba shaba na kobalti, wanatoka Kasai, Kivu, Maniema, Sandoa, kila pahali. Shimo likiporomoka, na aliyekufa hana ndugu hapa, sisi ndio tunaokwenda kumchukua. Tunamwosha, tunamvika shuka mpya, tunamzika. Nimefanya hivyo miaka tisa. Mimi ndiye ninayeshika daftari kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Naandika jina, tarehe, namba ya kaburi, na alama tulizoziona mwilini: kovu, jino lililong'oka, uzi kiunoni. Majina mengi tunayapata kwenye kadi za uchimbaji, zile ambazo kijana anaonyesha mlangoni ili aruhusiwe kuingia kwenye machimbo.

Siku ya mkutano Falonne alikuja na maswali aliyoyaandika kwenye karatasi. La kwanza lilikuwa hili: nani ataifungua site yetu?

"Bantu ba misaada," akajibu Mama Blandine, mkubwa wetu. "Baone tunavaa vizuri. Utuweke sisi bote mbele, na pagne zetu za bleu."

"Mama Blandine, picha kubwa inakula mega mingi ya internet."

"Ee! Sura yangu inakula mega?"

"Ya weye itamaliza forfait yote ya simu," mama mmoja akasema, na tukacheka mpaka Blandine mwenyewe akacheka.

Halafu mama mwingine, aliyekuwa hajasema neno, alisema taratibu, "Mama ya mutoto. Ule eko mbali, anatafuta. Yeye ndjo atafungua."

Hapo kicheko kilikwisha. Falonne alikata maswali mengine yote kwa mstari mmoja. Tangu siku ile alimtengenezea mama huyo wa mbali, anayemtafuta mwanawe. Alisema mama huyo ana simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, na mega kidogo, na pengine hasomi haraka. Kwa hiyo picha zetu zenye vitenge vya bleu aliziweka nyuma kabisa. Mbele palikuwa na orodha ya tuliowazika tu, kwa herufi kubwa, na chini yake kisanduku cha mtu kuandika ujumbe.

Kwa wiki tatu nilimsomea daftari, naye akaandika. Majina sitini na mawili. Siku moja aliniuliza, "Kambo, na alama za mwili niziweke?"

"Ziweke kwa bale habana jina. Mwenye jina, jina linatosha."

Mimi ndiye niliyesema hivyo. Aliniuliza vizuri, kwa sauti ya heshima, akiwa na vidole tayari juu ya kompyuta, na mimi nilikuwa nimechoka na nilitaka tumalize kabla ya giza. Hakuna mtu mwingine aliyesema.

Orodha ilifunguliwa mwezi wa tatu. Kwa siku nne hakuna aliyeandika. Falonne aliangalia kila alfajiri umeme uliporudi, na mimi nyuma ya pazia nilijua kwa namna alivyofunga kompyuta kwamba hakuna kitu. Siku ya tano alivuta pazia.

"Kambo! Mutu ameandika!"

Alinisomea. Nilimwomba anisomee mara ya pili.

"Mimi ni Mama Rahima wa Fungurume. Ninauza mchele na samaki wakavu sokoni. Mwanangu Alimasi Fadhili aliniambia anakwenda kufanya kazi kwenye malori. Tangu mwezi wa kwanza simu yake haiiti. Watu wananiambia amekwenda kuchimba Kolwezi. Kila asubuhi nikimaliza kuswali nitaangalia orodha yenu. Leo nimeangalia, jina lake halipo. Mungu awalipe mema."

Ilikuwa shukrani ya kwanza aliyoipata Falonne kwa kazi ya mikono yake tangu amalize shule. Alimtumia Dimitri ujumbe huo. Aliwasomea bamama. Kisha akamjibu Mama Rahima kwamba na sisi tunamwombea Alimasi arudi.

Kuanzia hapo waliandikiana. Mama Rahima alimuuliza kama ameolewa. Falonne akajibu bado. Mama Rahima akasema, "Basi Alimasi akirudi nitakuja Kolwezi na mchele, tuzungumze na bibi yako." Falonne alicheka peke yake gizani. Siku moja aliandika kwamba mega zake zimekwisha na hataweza kujibu mpaka Jumatatu. Mchana huohuo Mama Rahima akamtumia mega kwenye simu, mwanamke anayeuza samaki kwa kikombe. Falonne aliona aibu. Nilimwambia apokee, kwa sababu kumkatalia mtu zawadi ndogo ni kumuumiza.

Na kila mara ujumbe wa Mama Rahima ulianza vilevile. Leo pia hayupo. Leo pia, Mungu asifiwe, hayupo.

Jumapili moja ya mwezi wa tano, baada ya misa, Mama Blandine na mimi tulikuwa tumekaa mlangoni tukimenya mihogo. Kijana mmoja mwembamba akaja, akavua kofia, akasimama mbali kidogo, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Yambo bamama."

"Yambo, mwana."

"Hapa ndjo kwa Bamama ba Bageni?"

"Ndjo hapa. Unatafuta nani?"

Alizungusha kofia mikononi. "Mi niko Hénock Kabongo. Wa Sandoa."

Mama Blandine aliendelea kumenya. "Hénock gani?"

"Ule mulizika."

Kisu cha Blandine kilisimama. Alimtazama kijana kutoka miguuni hadi kichwani, kisha akarudi miguuni.

"Weye? Mi nilizunguka soko yote naomba mchango wa sanduku yako! Nililia mpaka sauti ikaisha! Basi rudisha shuka yetu!"

Kijana alicheka, na sisi tukacheka kwa hofu, kama watu wanaocheka wakiwa wameshika kifua. Blandine alinyanyuka, akamshika mashavu, akamgusa mabega. Hénock alisema alikuwa amekimbilia Kisenge. Huko mtu akamwonyesha jina lake kwenye simu. Alipopiga Sandoa, alikuta wamekwisha kukaa matanga yake, mama yake amenyoa nywele. Mama alipoisikia sauti yake aliitupa simu chini akadhani ni mzimu.

"Sasa anakula?" nikamuuliza.

"Anakula, Kambo. Jana alinitukana vizuri."

Tukacheka tena. Halafu kicheko kikatukatika sote watatu pamoja, maana tulifikia wazo moja.

"Mwana," nikasema, "sisi tulizika nani?"

Hénock aliketi chini, palepale kwenye maganda ya mihogo.

Kila mtu hapa Kolwezi anajua kwamba kadi zinaazimwa. Mtu akiugua anampa mwenzake kadi aingie nayo, ili siku isipotee, na jioni wanagawana. Mlinzi anaangalia kadi, haangalii uso. Nimeishi hapa miaka sitini na nane na nalijua hilo kama ninavyojua njia ya kwenda kisimani. Na bado siku ile ya mwezi wa kwanza nilitoa kadi kwenye mfuko wa suruali yenye matope, nikaandika Hénock Kabongo, kwa mwandiko mzuri.

"Nilikuwa na malaria," Hénock akasema. "Nilimupatia karte asubuhi. Mchana nikasikia shimo imeanguka. Nilifika, nikaona mumefunika batu. Niliogopa, Kambo. Bangesema ni mi nilimutuma. Nikakimbia."

"Jina yake?"

"Alimasi. Baba yake alikuwa Fadhili, wa malori. Mutu wa Fungurume."

Falonne alikuwa ametoka na kikombe cha maji kwa ajili ya mgeni. Alisimama nyuma yangu. Sikugeuka, lakini nilisikia kwamba ameacha kutembea. Baadaye alipita mbele yangu, akampa Hénock maji kwa mikono miwili, akasubiri mpaka akanywa yote, akachukua kikombe, akaingia ndani.

Nilimkuta ameketi mbele ya kompyuta iliyozimwa. Hakulia.

"Kambo, kwenye daftari, alama zake ulizoandika ni zipi?"

Nilifungua daftari ingawa nilizikumbuka. Nilisoma: "Kovu dogo chini ya kidevu. Ukucha wa kidole kidogo, mkono wa kushoto, una rangi nyekundu." Nilikuwa nimedhani ni rangi ya kupakia nyumba.

Falonne aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha akafungua kompyuta na kutafuta ujumbe mmoja wa mwezi wa nne, ambao sikuwa nimeusikia. Mama Rahima alimsimulia jinsi harusi ya binti yake ilivyokuwa nzuri mwezi wa kumi na mbili, wanawake walivyopaka hina usiku wote, na Alimasi alivyokataa mkono mzima, akakubali ukucha mmoja tu, ili dada yake asinune.

Alimpigia Dimitri. Dimitri ni kijana mwema, alisikiliza mpaka mwisho. Alisema kosa kwenye orodha linarekebishwa palepale linapoonekana, ndiyo sheria yao, kwa sababu watu wanaiamini orodha.

"Nikibadilisha sasa, kesho saa kumi na moja atasoma peke yake," Falonne akamjibu. "Kwenye simu. Kwenye mukeka ya kuswali."

"Basi mupigie."

"Dimitri, kwetu hakuna mutu anapatia mama kifo kwa simu. Unakwenda, unakaa, ndjo unasema."

"Na orodha?"

"Itadanganya siku moja ingine. Nitabeba."

Nilisikia jinsi alivyolitamka neno hilo la mwisho na moyo ukaniuma, kwa sababu mzigo ulikuwa wangu. Nilimwambia hivyo. Alinijibu kwamba mimi niliandika jina moja kwenye daftari moja ndani ya nyumba moja, na yeye ndiye aliyelipeleka mpaka Fungurume. Hatukubishana. Nilimpashia maji ya kuoga, akaenda kuoga.

Kesho yake tuliamka mapema. Falonne alifungua kompyuta mara moja tu, na safari hii aliwasha taa. Kuna pahali panapoonyesha watu walioifungua orodha. Saa kumi na moja na dakika ishirini alisema kwa sauti ndogo, "Kuko mutu mumoja. Amefungua."

Tulikaa tukiangalia. Sikujua tunaangalia nini.

"Ameona hayuko," akasema, na akaifunga.

Tulikwenda watatu: Falonne, Hénock na mimi. Mama Blandine alitulipia nafasi ya mbele ya gari kwa ajili ya magoti yangu, bila kusema, tukajua tu dereva alipokataa pesa. Tulipofika Fungurume, Hénock alisema atabaki kwenye kona karibu na nyumba, kwamba hawezi kuingia akiwa mzima. Nilimwacha.

Mama Rahima alikuwa mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani, na mikono yake ilinukia samaki. Falonne alipojitaja, alipiga ukelele wa furaha. Alimkumbatia, akamrudisha nyuma amtazame, akamkumbatia tena.

"Huyu ndiye mtoto wangu wa simu! Mwembamba hivi? Bibi, humlishi?"

"Namlisha, mama. Haonekani tu."

"Kaeni, kaeni! Mbona hukuandika kama mnakuja? Ningewapikia tangu jana." Alikuwa ameshachukua sufuria. "Falonne, hata leo nimeangalia. Hayupo! Miezi miwili sasa, na kila siku nasema, huyu binti anaweka taa mlangoni pangu."

Falonne aliangalia chini. Nilimwomba Mama Rahima aweke sufuria chini, aje akae nami mkekani. Alisema atakuja, apime mchele kwanza. Nilimwita tena. Pengine ni namna nilivyomwita. Aliweka kikombe cha mchele juu ya meza, akaja, akakaa, na akaanza kunyoosha gauni lake juu ya magoti, akilinyoosha na kulinyoosha.

Nimewapa watu habari za kifo mara nyingi. Hakuna njia nzuri. Nilimshika mkono.

"Mama, kwenye harusi ya binti yako, mwanao alipakwa hina?"

"Kidole kidogo," akasema upesi, akitabasamu. "Alikataa mkono mzima. Alisema wenzake watamcheka." Halafu tabasamu likabaki mdomoni bila mtu ndani yake. "Mkono wa kushoto. Kwa nini?"

Nilimwambia yote. Kadi, jina, shimo, siku. Sikuficha kwamba niliona ukucha ule na nikauandika kwenye daftari, wala sikuficha kwamba mimi ndiye niliyesema alama zisiwekwe. Alinisikiliza huku akitikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayefuata hesabu ya mteja. Nilipomaliza alisema maneno ya dini yake, kwa Kiarabu, mara tatu. Kisha akauliza:

"Nani alimwosha?"

"Mimi, na mwenzangu Blandine."

"Kwetu mwanaume anaoshwa na wanaume."

"Hatukujua, mama. Kadi ilisema Hénock. Tunaomba msamaha. Hata kaburini kuna msalaba."

Alinyoosha tena gauni juu ya magoti. Nje mtu alikuwa ananadi bei ya nyanya.

"Maji yalikuwa ya baridi?"

"Hapana. Tuliyapasha. Tunayapasha siku zote."

"Shuka ilikuwa mpya?"

"Mpya, mama. Nyeupe."

"Haya," akasema. "Haya. Aksanti."

Hapo Falonne alipiga magoti mbele yake, akamshika miguu. "Mama, unisamehe. Mi nilikuwa nakujibu kila siku..."

Mama Rahima alivuta miguu yake.

"Alikuwa amekufa siku ile nilikushukuru mara ya kwanza," akasema. Hakuinua sauti. "Na ya pili. Na ile nilikutumia mega. Nilikuwa namshukuru Mungu kila asubuhi, na mwanangu yuko chini ya jina la mtu. Toka kwanza, binti. Toka nje kidogo."

Falonne alitoka. Mimi nilibaki. Ndipo Mama Rahima alipolia, na majirani wakasikia, wakaja mmoja mmoja, wakavua viatu, wakakaa. Mwanamke mmoja alichukua kile kikombe cha mchele mezani, akaenda kuupika bila kuulizwa, kwa kuwa watu wangekuja na wangehitaji kula. Mwingine alikwenda kufunga meza ya Mama Rahima sokoni, akarudi na ufunguo, akauweka chini ya mto wa mfiwa. Imamu wa msikiti wa karibu alifika, akauliza namba ya kaburi, akaandika. Alisema mtoto hatafukuliwa. Watakuja Kolwezi, watamswalia palepale, msalaba utatoka.

Alasiri Mama Rahima aliuliza, "Yule mwenye kadi yuko wapi?"

Nilisema yuko kwenye kona. Akamtuma mtu amwite. Hénock aliingia akiwa ameinama kama mlango ni mfupi, na mlango haukuwa mfupi. Mama Rahima alimtazama kwa muda, na mimi niliogopa atakachosema.

"Mlikuwa mnakula nini kule?"

"Ugali ya bukari na samaki ya ndakala, mama. Siku zingine bukari tu."

"Alikuwa anaswali?"

"Siku zingine." Hénock alijifuta pua kwa mkono. "Tulimucheka juu ya ukucha yake. Alisema, 'Chekeni tu, dada yangu ameolewa muzuri kuliko benu bote.'"

Mama Rahima alitoa sauti iliyokuwa karibu kicheko. Alimwambia akae, ale. Akampa sahani kwa mkono wake mwenyewe. Hénock hakula, lakini alishika sahani ile mpaka mwisho.

Ndipo akamwita Falonne.

"Lete simu yako. Andika hapa, nikiona."

Falonne alikaa karibu naye. Alilitoa jina la Hénock. Mama Rahima akamtajia lingine polepole: Alimasi Fadhili. Akataja mwaka aliozaliwa, na Kasongo, walikotoka wazee wake. Falonne aliuliza kama aweke na alama.

"Weka kovu. Alianguka kwenye lori ya baba yake. Weka na ukucha. Andika ni hina, ya harusi ya dada yake. Mtu asiseme ni rangi."

Falonne aliandika hivyohivyo. Akampa simu. Mama Rahima aliisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, na midomo yake ilitembea. Kioo kikazimika, akakigusa, kikawaka tena. Alifanya hivyo mara nyingi. Hakuna aliyemwambia arudishe simu.

Usiku huo Falonne angeandika alama za majina yote sitini na mawili. Aliniambia hivyo tukiwa bado uani, kwa sauti ya chini, na akasema atamweleza Dimitri ni kwa nini, na kwamba wale wote wenye kadi tutawauliza upya, mmoja mmoja, hata ikichukua mwaka. Uso wake ulikuwa umekuwa wa mtu mzima kwa siku moja, na nilitamani mno nimwone tena na ile bahasha yake ya plastiki.

Dereva wa gari la mwisho la Kolwezi alituma mtoto kutuita. Mama Rahima alitusindikiza mpaka mlangoni, ingawa mfiwa kwao hasindikizi, na wanawake walijaribu kumzuia. Alikuwa ametufungia wali kwenye plastiki, wa moto bado, akauweka mikononi mwangu. Mimi nilishukuru. Falonne hakujua kama anaruhusiwa kumuaga, akasimama mbali na mikono nyuma.

"Falonne," Mama Rahima akamwita.

"Mama."

"Kesho nikimaliza kuswali, nitaishika simu ile nikitafuta nini?"

Falonne alisogea hatua moja. Machozi aliyoyazuia tangu Jumapili yalianza kushuka, na hakuyafuta. Mama Rahima alimfuta yeye, kwa pembe ya kitambaa chake, kwa haraka na kwa nguvu kidogo, kama anavyofutwa mtoto anayechelewa shule.

"Nimekukasirikia," akamwambia. "Bado nimekukasirikia. Usiniandikie tena, sikia? Sitaki kusoma. Rudi Ijumaa, uje mwenyewe, ukae hapa nikuone. Utarudi?"